Babu Alipigana Vita Gani? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Uanajeshi wa Ukoo, Kuanzia Kariakoo hadi Kagera

Nyumbani kwetu Tabora kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati la bibi. Ndani yake mlikuwa na vitu vinne: sarafu ya shaba ya manjano yenye herufi T, nyota ya shaba nyeusi yenye ncha sita, picha ya kijana aliyevaa magwanda huku amekunja uso, na karatasi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka. Ukiuliza ni vya nani, jibu lilikuwa moja tu: "Vya babu, vya vita." Babu yupi? Vita gani? Hapo kila mtu alikuwa na lake.

Ilinichukua miaka mitatu kujua kwamba vitu vile ni vya watu watatu wa vizazi vitatu, na kwamba mtu wa kwanza kabisa, yule wa sarafu, hakuwahi kushika bunduki. Alibebeshwa mizigo. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa akimtaja tulipohesabu "wanajeshi wa ukoo wetu". Nitaeleza hapa njia niliyoipita, pamoja na makosa niliyoyafanya, ili wewe uipite kwa muda mfupi zaidi.

Hatua ya kwanza: tafuta miaka kabla ya kutafuta vita

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia intaneti na kuandika jina la babu. Miezi minane ikapotea. Jina bila mwaka ni sindano kwenye nyasi, maana akina Juma bin Hamisi waliopita jeshini hawana idadi.

Chukua daftari, chora mti wa ukoo upande wa baba na wa mama, na kila mwanamume mpe mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia. Wazee wetu hawana vyeti vya kuzaliwa, ila wana matukio. Uliza: alizaliwa kabla au baada ya mafua makubwa ya 1918? Watu wa Ugogo wana Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 iliyofuata majeshi kupora ng'ombe na nafaka. Uliza pia habari za fedha. Mzee aliyesimuliwa kwamba baba yake alilipwa kwa hela na rupia anakupeleka nyuma ya 1921, mwaka ambao shilingi ya Afrika Mashariki ilianza. (Neno "hela" lenyewe ni Heller ya Mjerumani. Tunalitamka kila siku, na ni masalia ya mshahara wa watu wale.)

Ukishapata miaka, hesabu ni nyepesi. Jeshi huchukua vijana wa miaka 18 hadi 25 hivi, ingawa wapagazi walikamatwa wa kila umri. Aliyezaliwa kati ya 1885 na 1900 mtafute kwenye vita ya 1914–1918. Wa 1912 hadi 1926 mtafute kwenye vita ya 1939–1945. Wa miaka ya 1930 huenda alikuwa Keya (KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) wakati wa hali ya hatari Kenya, enzi za Mau Mau, au alipelekwa rasi ya Malaya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambako bataliani kadhaa za Keya zilipigana. Mzee akikwambia "mimi nilikwenda Malaya", usicheke. Muulize mwaka. Waliozaliwa kati ya 1945 na 1960 ni watu wa Kagera, vita ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin.

Hata hivyo, usifikiri kila mtu ana vita yake moja. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia Keya mwaka 1942 na akafika Madagaska. Mwaka 1979 ndiye huyohuyo aliyeongoza divisheni ya Tanzania ndani ya Uganda. Na huko Kenya, Waruhiu Itote alipigana Bama (Burma, leo Myanmar) upande wa Mwingereza, akarudi, kisha akaingia msituni kupigana na Mwingereza akiitwa Jenerali China. Ukoo wako unaweza kuwa na mtu wa namna hiyo.

Hatua ya pili: anza na wanawake

Wanaume wa kwetu wakiulizwa habari za vita husimulia vyeo na ushindi. Wanawake husimulia siku. Bibi yangu hakujua bataliani ya mumewe, lakini alijua kwamba aliondoka msimu wa kupalilia karanga, kwamba barua zilikuja kwa mkono wa karani wa bomani, na kwamba aliporudi alikuwa akiamka usiku na kuita majina ya watu wasiojulikana kijijini. Kwa maneno hayo matatu nilipata zaidi ya nilichopata kwa wajomba wote.

Nenda kwa bibi, shangazi, mama wakubwa. Usiende mikono mitupu. Sukari na kipande cha sabuni havimshindi mtu. Keti chini naye, msaidie kuchambua mchele, na usitoe simu ya kurekodi siku ya kwanza. Muulize mambo haya kwa mpangilio wowote utakaojitokeza:

- Alichukuliwa au alikwenda mwenyewe? Nani alikuja kumchukua: jumbe, polisi, au kulikuwa na tangazo?
- Aliondoka kwa miguu, kwa lori, kwa treni? Alipitia stesheni gani?
- Nani alilima shamba lake alipokuwa hayupo? Fedha zilikuja? Kupitia nani?
- Alirudi na kitu gani mkononi? Na mwili wake ulirudi na nini: kovu, malaria, kikohozi, mguu mbovu?
- Alikuwa anatumia maneno gani ya ajabu? Kuna chakula alichokikataa?
- Kuna mtoto aliyepewa jina kwa sababu ya safari hiyo?

Hilo la mwisho lisikupite. Kuna watu wanaoitwa Keya, Bama, Vita, na wengine wanajua tu kwamba ni majina ya nyumbani. Swali la maneno ya ajabu nalo lina faida. Anayekumbuka "ombasha" na "shaushi" anataja vyeo vya zamani, vya Mjerumani na vya Keya ya mwanzo, ambavyo asili yake ni jeshi la Misri na Uturuki, kama ilivyo "afande" yetu ya leo iliyotoka kwenye efendi. Anayekumbuka "sarjenti", "kombania" na "platuni" anataja Keya ya baadaye au jeshi la baada ya Uhuru.

Hatua ya tatu: mhoji askari mwenyewe, akiwa bado yupo

Wazee wa Bama wamekwisha, au wamebaki wa kuhesabika. Kijana wa miaka 20 aliyevuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, vita ya Kagera, sasa amevuka miaka 65. Huyo ndiye mtu wako wa kwanza mwaka huu. Nyaraka zitakusubiri, lakini yeye umri unamkimbia.

Mpe heshima yake. Mwamkie, jitambulishe kwa ukoo wako, mweleze unataka kuandika nini na nani atasoma, na mwombe idhini. Idhini hiyo nayo irekodi. Simu iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati ya neno zito. Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo uendelee. Mbali na redio, mbali na jenereta, na mvua ikianza kupiga bati, ahirisha.

Baba yangu mdogo alikuwa Kagera. Nilimuuliza swali la kijinga kuliko yote: "Uliua watu wangapi?" Alinyamaza, akainuka, akaenda kumwagilia mchicha. Ilipita miezi minne kabla ya kuzungumza nami tena kuhusu vita. Siku nyingine nikamuuliza: "Baba mdogo, viatu mlivyopewa vilikuwaje?" Alicheka, akasema vyake vilikuwa vikubwa namba mbili. Kutoka kwenye viatu tukafika daraja la Kyaka lililolipuliwa na askari wa Amin, tukafika kwenye matope ya Lukaya, tukafika kwa rafiki yake aliyebaki huko. Nimejifunza kuuliza vitu vya mkono na mguu: viatu, chakula, mzigo, mvua, usingizi, barua. Mengine huja yenyewe, au hayaji, na ni haki yake yasije.

Kama anataja miji, iandike kwa mfuatano aliousema, bila kumsahihisha. Kwa vita ya Kagera, una tarehe za kumsaidia baadaye: uvamizi wa Oktoba 1978, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, ile ya sababu, nia na uwezo, Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Lukaya Machi, Entebbe mwanzoni mwa Aprili, Kampala Aprili 11. Na muulize aliingiaje. Wengi hawakuwa wanajeshi wa kudumu. Walitoka mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza, na vita ilipokwisha wakarudi mashambani bila hata picha. Familia nyingi humwita mtu kama huyo "mgambo tu". Yule "tu" alitembea kwa miguu kutoka Kagera hadi Kampala.

Hatua ya nne: fungua kopo

Kusanya kila kilichobaki: medali, vyeti, vitambulisho, barua, picha, mkanda, kofia, sahani ya bati. Usisugue medali kwa majivu wala dawa ya kung'arishia, maana utafuta maandishi ambayo ndiyo unayoyatafuta. Karatasi iliyokunjwa usiilazimishe. Ipige picha nje, kivulini, mchana, juu ya kitambaa cheusi, na rula pembeni. Piga mbele, nyuma, na kwa medali piga pia ukingo wake, mzunguko wote.

Ukingo una maana. Medali za fedha za vita ya kwanza kwa kawaida zilichongwa namba, cheo, jina na kikosi hapo pembeni, kwa herufi ndogo zinazohitaji kioo cha kukuzia. Nyota za shaba za vita ya pili, kwa upande wa Waingereza, zilitolewa bila jina. Lakini katikati ya nyota kuna herufi za Mfalme George wa Sita, na kuzunguka herufi hizo pameandikwa jina la nyota: Africa Star, Burma Star, na kadhalika. Utepe nao husema. Wa Bama una mstari mpana mwekundu katikati, buluu nzito pande zote mbili, na rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Wa Afrika ni wa rangi ya mchanga, una mstari mwekundu katikati, na pembeni yake mistari myembamba ya buluu nzito na buluu ya maji.

Nyota yetu ilikuwa ya Bama. Utepe ulikuwa umeshaliwa na mende.

Sarafu ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa ya hela 20, ya mwaka 1916, na ile T ni ya Tabora. Mjerumani alipozibiwa bahari na manowari za Mwingereza akaishiwa sarafu, alianza kuzigonga hapahapa kwetu, pamoja na zile za dhahabu za rupia 15 zenye tembo. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na jeshi lao la Kongo, Force Publique. Kwa hiyo mwenye sarafu ile aliishi katika mwaka ambao mji ulibadilisha mabwana, na ndipo nikaanza kuuliza swali tofauti: mzee huyu alimbebea nani mzigo?

Hatua ya tano: jua ni jeshi gani, na kazi gani

Hapa ndipo koo nyingi hupotea, kwa sababu neno "askari" linameza kila kitu.

Vita ya kwanza ilikuwa na majeshi manne au zaidi kwenye ardhi yetu. Kulikuwa na askari wa Mjerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, waliopigana tangu 1914 hadi walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, Novemba 25, 1918. Kulikuwa na Keya ya Mwingereza, pamoja na Wahindi na Makaburu. Kulikuwa na Wabelgiji na watu wao wa Kongo. Wareno nao walikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Mtu mmoja aliweza kuwatumikia wawili: mwaka 1917 Mwingereza aliifufua bataliani ya sita ya Keya kwa kuandikisha askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani. Ukikuta babu wa Mjerumani na wa Mwingereza ni mtu yuleyule, hujakosea.

Kisha kuna wapagazi, na hawa ndio wengi. Kwa upande wa Mwingereza peke yake waliandikishwa takriban watu milioni moja, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, yanakaribia laki moja. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kambi zao. Jina ni Carrier Corps lililopita kwenye midomo yetu. Kwenye Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, juu amesimama askari na bunduki yake. Mnara wa Nairobi wa vita hiyohiyo una mpagazi, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Ikiwa ukoo wako una mtu "aliyepotea vita ya Mjerumani" na hakuna anayejua kikosi chake, anza kwa kudhani alikuwa mpagazi. Mara nyingi utakuwa umepatia.

Vita ya pili ina mgawanyo wake. Mbali na bataliani za bunduki, kulikuwa na madereva, wahudumu wa hospitali, wapishi, waashi, watu wa mizinga, na vikosi vya kazi. Ukiona kwenye karatasi EAASC, huyo alikuwa idara ya usafirishaji na ugavi. EAMLS ni kazi za mikono. Ukiona KAR na namba za mkwaju, mathalani 1/6, isome hivi: bataliani ya kwanza ya rejimenti ya sita. Ya sita ni ya Tanganyika, ya nne ya Uganda, ya tatu na ya tano za Kenya, ya kwanza na ya pili za Nyasa, yaani Malawi ya leo.

Majina ya kambi nayo hubadilika. Binamu yangu alikuwa na barua ya 1962 iliyoandikwa Colito Barracks, na kwa mwaka mzima tuliitafuta Colito Kenya. Kumbe ni Dar es Salaam. Kambi ilipewa jina la mahali Ethiopia ambapo Keya ya Tanganyika ilipigana na Waitaliano mwaka 1941. Hapohapo ndipo maasi ya wanajeshi ya Januari 20, 1964 yalipoanzia. Baadaye ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walilifyeka jeshi la Mjerumani Zelewski Agosti 1891. Kama babu yako alisema Colito na mjomba wako akasema Lugalo, wamelala kwenye kambi moja.

Hatua ya sita: sasa nenda kwenye nyaraka

Ukiwa na jina, miaka, jeshi na kazi, ndipo uende.

Jina liandike kwa kila sura linaloweza kuchukua. Karani Mzungu aliandika alichosikia. Mrisho, Mrisyo, Murisho. L na R zikibadilishana, H ikidondoka, "bin" ikawa "s/o". Wengine waliingia jeshini kwa jina la mtaani na kutoka kwa jina la ubatizo. Andika pia kabila, wilaya, na jina la jumbe au chifu, kwa sababu fomu za jeshi zilikuwa na nafasi za mambo hayo, na mara nyingi ndiyo yatakayokutofautishia babu yako na mwenye jina lake.

Kwa aliyefia vitani upande wa Mwingereza, anza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yao iko mtandaoni na ni bure. Waliopotea Bama bila kaburi majina yao yako kwenye Mnara wa Rangoon, makaburi ya Taukkyan, ambako kuna majina yanayokaribia 27,000. Kama wazee wanasema "alikufa maji, meli ilizama", kumbuka Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kupigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi Februari 12, 1944. Walikufa watu 1,297, wakiwamo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tazama mnara wa Afrika Mashariki ulioko makaburi ya vita Nairobi.

Kwa mpagazi, jiandae kutokuta kitu. Tume hiyo yenyewe ilikiri kwenye ripoti ya Aprili 2021 kwamba Waafrika wengi mno wa vita ya kwanza hawakuandikwa popote kwa jina, na sehemu ya sababu ilikuwa ubaguzi. Ukikosa jina la babu yako humo, andika kwenye daftari kwamba umelikosa na sababu yake. Hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

Dar es Salaam kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza. Zanzibar wana nyaraka zao Kilimani, na Nairobi ziko Moi Avenue. Piga simu kabla, uliza utaratibu wa kibali na barua ya utambulisho, nenda na penseli. Mimi nilifika ofisi moja bila barua, nikarudishwa, nikalala gesti siku mbili kwa kosa langu mwenyewe. Usiombe "faili la babu yangu". Omba mafaili ya wilaya: uandikishaji, malipo ya familia za askari, mishahara isiyochukuliwa, malalamiko ya wajane. Huko ndiko majina ya watu wadogo hujificha. Magazeti nayo yasomwe. *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lilibeba habari za vita ya pili na barua za watu wa kawaida.

Kumbukumbu za kila siku za vikosi ziko Uingereza, Nyaraka za Taifa pale Kew. Vita ya kwanza tafuta WO 95, Madagaska WO 174, Bama WO 172. Hazitaji askari mmojammoja, lakini zinakwambia kombania ililala wapi siku fulani. Za Ujerumani ni ngumu zaidi: hifadhi kuu ya jeshi huko Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945, ingawa mafaili ya wizara ya makoloni yapo Berlin. Wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi, mafaili ya Force Publique yatafuteni Brussels.

Kwa waliotumikia jeshi la sasa, barua iandikwe na askari mwenyewe au mjane wake, kwa njia rasmi. Usimtume mpwa anayejua kompyuta.

Hatua ya saba: patanisha kinywa na karatasi

Ukoo wetu uliamini babu alipigana Japani. Nilipokwisha kusoma, nikajua alipigana na Wajapani, huko Bama, na hakuona Japani hata kwa darubini. Ningeweza kuwacheka wazee. Badala yake nilichukua maneno ya babu aliyoyaacha kwa bibi na kuyaweka pembeni ya historia.

Alisema waliteremka bonde refu, mvua haikatiki, malori yanazama, watu wanaugua homa kuliko wanavyopigwa risasi. Hilo ni bonde la Kabaw, ambalo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililiteremka katikati ya masika ya 1944. Alisema walifika mto mkubwa wakaona daraja linaloelea "refu kuliko la reli". Hilo ni la Kalewa juu ya mto Chindwin, Desemba 1944, lenye urefu wa futi 1,154, na wakati ule halikuwa na mfano wake duniani. Mzee hakukosea. Alikosa majina tu, na majina ndiyo kazi yako wewe.

Chukua karatasi pana, igawe nguzo tatu: alichosema, kilichoandikwa, ninachofikiri mimi. Nguzo ya tatu iandike kwa penseli. Mambo yakigongana, acha yote mawili yakae. Shangazi wawili wa kwetu wanatofautiana kama babu alirudi 1945 au 1946, na wote wana sababu: mmoja anahesabu siku ya kuachishwa jeshi, mwingine siku alipoingia uani.

Kuna simulizi mashuhuri ya miaka ya 1960, wakati Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa wazee waliokuwa askari wake. Wazee walikusanyika Mwanza, wengi hawana cheti. Inasemekana mtoa fedha aliwapa ufagio mmojammoja na kuwaamuru kwa Kijerumani watoe heshima za bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Iwe ilitokea hivyo barabara au imetiwa chumvi, jaribu jambo hilo: mzee asiyekumbuka namba ya kikosi, mwombe akuonyeshe alivyokuwa akisimama gwaride.

Hatua ya nane: andika, soma mbele yao, gawa

Kila mtu mpe ukurasa wake, hata asiye na zaidi ya mistari mitatu. Jina na majina yake mengine, miaka, alichukuliwaje, kazi yake, alikopita, alivyorudi, na chini kabisa nani kasema nini na lini. Ramani ya mkono inatosha. Waandike na waliotoroka. Aliyekimbia msafara wa mizigo Mahenge akarudi kwao kwa miguu usiku kwa usiku naye ana safari yake, na wajukuu wake wapo kwa sababu alikimbia. Waandike wake pia: askari wa Mjerumani walitembea na wake na watoto nyuma ya msafara miaka minne.

Usiweke mtandaoni habari za walioko kazini. Binti ya shangazi yangu amerudi kulinda amani mashariki ya Kongo, kizazi cha nne. Katika kitabu chetu ana jina, mwaka na sentensi moja. Kikosi, kambi, silaha, picha za wenzake: hapana, mpaka astaafu na aseme mwenyewe.

Kabla ya kuchapa, kusanyeni ukoo, someni kwa sauti. Watakukatiza. Ndipo utakapopata robo ya habari zilizobaki. Sisi tulisoma Julai 25, Siku ya Mashujaa, kwa sababu ndugu huwa nyumbani. Kama mna mtu aliyelala Kaboya mkoani Kagera, au Naliendele Mtwara walikozikwa waliotoka Msumbiji, nendeni siku nyingine isiyo na wageni rasmi ili mpate nafasi ya kukaa.

Nakala weka tatu: moja ya karatasi kwa mzee wa ukoo, moja kwa anayeishi mji mwingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake wanaijua watu wawili. Sauti zote zipe majina yenye tarehe na mahali, siyo "rekodi mpya 14".

Na vitu virudishe kwenye kopo. Sisi tumefunga kila kimoja kwa kitambaa cha pamba, na kila kitambaa kina kijikaratasi. Kwenye cha sarafu tumeandika: mpagazi, Tabora, 1916, jina lake tunalo.